Gemu ya Majambazi Iliyohamia Pongwe

Maneno yalianzia kwa Nasima, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Nilikwenda kwake kuazima mbuzi ya nazi kwa sababu yangu ilikuwa imekatika meno. Akanipa, lakini hakuniachia niondoke.

"Mama Mundhir, nikuulize jambo, usinune?"

"Uliza."

"Mwanao anachukua ushuru madukani?"

Nikacheka. "Ushuru gani? Siku hizi kaajiriwa halmashauri?"

"We cheka. Watu wanasema anaingia dukani na wenzake, wanamtisha mwenye duka, asipotoa wanavunja vitu. Na wamesikika wenyewe, kwa midomo yao, wakijisifu. Wamemtaja Mzee Yaarub. Wamemtaja hata yule mama wa cherehani."

"Nani kawasikia?"

"Watu."

"Watu wana majina, Nasima."

"Shoga, sikukwambia ili tugombane. Nimekwambia kwa kuwa wako ni wako."

Nikarudi kwangu, nikakaa kukuna nazi ya mikate ya vibibi ya kuuza, nikakikuna na kidole changu. Yale maneno hayakunitoka. Nikichota maji yapo, nikiswali yapo. Mundhir ni mwanangu wa kwanza, miaka kumi na sita, yuko sekondari, hajawahi kuniletea kesi. Baba yake, Massoud, alikuwa amevuka kwenda Pemba kwa msimu wa karafuu, kama afanyavyo kila mwaka, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, Mundhir, na mdogo wake Suhaila wa darasa la pili. Nikajiambia, baba akirudi akute mtoto ameharibika, nitamjibu nini?

Mundhir aliporudi shule nikamkalisha. Nilipomwambia, alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mama, hiyo gemu! Tunacheza kwa Tadeo!"

"Gemu gani inamtaja Mzee Yaarub?"

"Tadeo ndiye anayeweka majina. Njoo uone, mama, wallahi utapenda."

Basi nikaenda. Wenzangu wengi hukataza kitu wasichokijua, nami sikutaka mwanangu aniambie hivyo.

Tadeo ni kijana wa Kibondei kutoka Muheza, ana banda la gemu pale karibu na stendi ya Pongwe. Bati juu, magunia pembeni, runinga kubwa mbele na mabenchi. Ana adabu. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, mama. Kulikoni, Mundhir kavunja pedi ya kuchezea?"

"Marahaba. Hajavunja kitu. Nimekuja kutazama hiyo gemu yenu inayomchukulia Mzee Yaarub ushuru."

Watoto wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mama Don kaja!" Tadeo akamfukuza, akanifutia benchi kwa kitambaa.

Akaniambia gemu hii imetengenezwa kutokana na filamu. Akaitaja, na mimi nikaijua, maana niliiona nilipokuwa mchumba. Tuliiona mimi na Massoud kwenye ukumbi wa video, ile iliyowekewa sauti ya Kiswahili na mtafsiri. Kijana anatoka bandarini hana kitu, anajiunga na majambazi, anakuwa bosi wa mji. Mwisho anauawa, na mama yake analetewa shati lake, analifua kwenye beseni na maji hayatakati. Ukumbi mzima tulilia. Massoud alinishika mkono akasema, mali ya haramu haina baraka.

Nikamwambia Tadeo, "Basi kama ni ile, ina mafunzo. Weka nione."

Na nitasema kweli, sitaki kuidhulumu gemu yenyewe. Ni kitu cha akili. Mji mzima umo ndani. Unaweza kwenda popote, hakuna anayekushika mkono akuambie pita hapa. Mvua inanyesha, barabara inang'aa kwa maji, watu wanafungua miamvuli. Mundhir aliniwekea pedi mkononi, nikaendesha gari. Mimi ambaye sijawahi hata kuendesha baiskeli! Niligonga nguzo, watoto wakapiga makofi. Nikapita ufukweni polepole tu, kutazama bahari yao. Na nilimwona mwanangu anasoma maandishi ya Kiingereza upesi, anawatafsiria wenzake, anasoma ramani, anapanga aanze wapi amalizie wapi. Mimi niliishia darasa la saba, nikaona fahari.

Lakini nilikaa zaidi, na kadiri nilivyokaa ndivyo moyo ulivyopoa.

Jambo la kwanza, uhuru wote ule ni wa kwenda, si wa kufanya. Nilimwuliza Mundhir, "Naweza kuingia dukani nikanunua mkate?" Akasema hapana. "Naweza kuomba kazi?" Wakacheka. Dukani unaingia kwa jambo moja tu, kumtisha mwenye duka mpaka akubali kutoa. Na kumtisha kwenyewe kuna kipimo. Ukimtisha kidogo anakudharau, ukizidisha anapigana, ukipatia anatoa. Watoto walikuwa wanakijua kipimo kile kama mimi ninavyojua chumvi.

Jambo la pili, ukifanya kosa polisi wanakufuata, lakini ukikata kona, ukajibanza nyuma ya kitu ukatulia, king'ora kinanyamaza. Wanasahau. Unatoka kama hukufanya kitu.

Na la tatu. Yule kijana wa bandarini alipigwa risasi nikiwa natazama. Nikafumba macho. Nilipofumbua, amesimama nje ya lango la hospitali, nguo zake safi.

"Kapona mara hii?" nikauliza.

"Kafa, mama. Akifa anatokea hospitali."

"Na mama yake? Yule wa beseni?"

Wakatazamana. Tadeo akasema, "Kwenye gemu hayumo, mama. Wamemtoa. Angepunguza kasi."

Filamu yote ilisimama juu ya mama yule.

Halafu nikaelewa uvumi ulikotoka. Watoto wadogo hawajui Kiingereza, kwa hiyo Tadeo anawatangazia kama watafsiri wa filamu walivyofanya zamani, ila yeye kaupa mji ule majina ya kwetu. Barabara ya ufukweni kaiita Raskazone. Duka la vitambaa ni kwa mama wa cherehani. Duka kubwa la kona ni kwa Mzee Yaarub. Na mchezaji akimaliza kazi, banda zima linapiga kelele, "Mundhir kachukua ushuru kwa Mzee Yaarub! Mzee katoa!" Gunia halizuii sauti. Anayepita njiani anasikia jina la mtoto na jina la duka, anakwenda nalo sokoni.

Nikamwita Tadeo pembeni. "Badilisha majina."

"Mama, majina ndiyo utamu wenyewe. Bila hayo wataenda banda jingine."

"Watu wanasema mwanangu mwizi."

"Watu wa Pongwe, mama! Wanasema hata mimi nafuga jini humu." Alipoona sicheki akainamisha kichwa. "Haya, mama. Nitabadilisha."

Sikumtegemea. Nikampigia simu kaka yangu, Abdulhakim, anaishi Ushongo, ana mashua mbili na hoteli ndogo jirani inampa kazi ya kupeleka wageni. Shule zilikuwa zinafungwa wiki ileile. Akasema, "Nimletee gari au atakuja mwenyewe? Mlete. Huku atashika makasia, si pedi." Tukakubaliana Jumamosi. Nilitaka atoke pale uvumi upoe, basi. Nilihesabu hiyo ndiyo salama yake.

Mundhir alinuna kidogo, akakubali. Akasema, "Mama, wewe unaogopa picha."

"Siogopi picha. Naogopa wasioijua kuwa ni picha."

"Mzee Yaarub ananijua tangu nanyonya."

"Mzee Yaarub, ndiyo. Je, wengine?"

Akanibusu kichwani, mtoto aliyenipita urefu, akaenda zake.

Ijumaa alasiri nilimtuma dukani, hukohuko kwa Mzee Yaarub, anunue sabuni na mswaki vya safari. Aliongozana na rafiki yake Muhanad, mtoto wa Bi Shemsa. Yaliyotokea nimeyapata kwa Muhanad, na nimemwuliza mara nyingi kuliko inavyofaa kumwuliza mtoto.

Mzee Yaarub alikuwa chumba cha nyuma, anaswali. Mbele alikuwa kijana mgeni aliyeajiriwa juzijuzi, hajui nani mtoto wa nani, ila uvumi alishaupata. Mundhir akafikiri mzee yupo anamsikia. Akaegemea kaunta, akatoa ile sauti nzito ya Tadeo, sauti ya bosi: "Duka zuri hili, mzee. Itasikitisha likipatwa na jambo. Toa ushuru wetu."

Alikuwa anamtania mzee wa watu. Walizoeana, Mzee Yaarub alikuwa akimwita "bwana shemeji" kwa utani kwamba Suhaila ni mchumba wake.

Yule kijana alipiga ukelele mmoja. Nyinyi mnaujua ukelele huo, sitauandika.

Vijana wa bodaboda walikuwa pale nje. Muhanad alisimama palepale, akainua mikono, akapaza sauti, "Mimi Muhanad, mtoto wa Bi Shemsa, wa nyuma ya msikiti!" Alipigwa vibao, sikatai, lakini mtu mmoja akasema, "Ngojeni, huyu ana kwao," wakampeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Huku kwetu ndivyo ilivyo. Anayetaja kwao hupelekwa kwao. Anayekimbia hana kwao, ni wa kila mtu.

Mundhir alikimbia.

"Alikuwa anacheka, mama," Muhanad aliniambia. "Alipoanza kukimbia alikuwa anacheka, akaniambia, kata kona, jifiche, watasahau."

Alikata kona ya mashine ya kukoboa, akajibanza nyuma ya tangi la maji. Akatulia. Walimkuta ametulia hivyohivyo.

Mimi nilipata habari mikono yangu ikiwa kwenye unga. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumtia kwenye bajaji kumpeleka hospitali ya mjini. Wapo waliopiga na wapo waliombeba, na wengine ni walewale. Nilipanda bajaji ya pili na Suhaila, sikuwa na wa kumwachia.

Hospitali walifanya wawezalo. Sikuruhusiwa kuingia naye. Nilikaa kwenye korido, nikishtuka kila mlango ukifunguka, mpaka nikakumbuka kwamba Suhaila hayupo ubavuni. Nikatoka kumtafuta. Nikamkuta nje, amesimama langoni, ameshika nondo za geti, anatazama.

"Unafanya nini hapa? Njoo ndani."

"Namngoja kaka."

"Kaka yuko ndani, mwanangu."

"Anatokea hapa," akasema. Aliwahi kumfuata kaka yake bandani, nami sikujua. "Akipigwa sana anatokea langoni. Nguo zake zinakuwa safi. Wewe kaa nami tumngoje, mama."

Nilikaa. Tulikaa chini pamoja, mgongo kwenye geti. Watu wakitoka, Suhaila ananyanyuka kutazama, kisha anakaa. Alinyanyuka mara nyingi. Muuguzi alipokuja kuniita kwa jina langu kamili, Mwanakhamis, nilijua, lakini mtoto aliruka akauliza, "Anakuja?"

Tulimzika kesho yake baada ya adhuhuri. Ni Jumamosi ile ya kwenda Ushongo. Kaka yangu alikuja yeye badala yake. Massoud alipata boti akafika kaburi limeshafukiwa, akaulizia shati la mwanawe. Halikuwapo, lilikatwa hospitali.

Mzee Yaarub alikuja matangani akiwa ameshikwa mikono miwili. Alishindwa hata kukaa. "Binti yangu," akaniambia, "nilikuwa kwenye sijida. Nilisikia kelele nikasema nimalize, ni vijana tu. Ningetoka, ningewaambia huyu shemeji yangu."

"Mzee, ulikuwa mbele ya Mola wako."

"Nilikuwa," akasema, akalia kama mtoto.

Tadeo naye alikuja, na ile diski ya gemu kwenye mfuko. Alitaka tuichome. Massoud akanyoosha mkono aipokee, mimi nikasema hapana. Ukiichoma, kesho ataleta mwingine, na waliouitikia ukelele ule watasema kosa limeungua. Gemu ile ilimfundisha mwanangu kusoma ramani ya mji, haikumfundisha kwamba mji una watu. Walioitengeneza walichukua filamu yenye msiba wakaubandua msiba, wakabakisha mbio. Huo ndio upungufu wake. Na upungufu wetu sisi ni kwamba tuliusikia uvumi, tukaupitisha, tukauweka tayari kama kuni zilizokauka.

Akina mama wenzangu, na akina baba mnaosoma, jiepusheni na haya:

Usimzuie mtoto gemu kabla hujaketi nayo, na usimwachie kwa sababu tu umeiona nzuri.

Usikubali gemu ya wizi itiwe majina ya watu wa mtaa wenu, au ya maduka yao.

Usimpeleke wala kumwachia mtoto mdogo banda la gemu ya wakubwa. Anayoyaona anayaamini.

Usiache mtoto atanie kwa vitisho dukani, hata kwa mtu anayemjua.

Ukisikia mtoto wa mtu anasemwa, usipeleke kwa mwingine. Mpelekee mamake tu.

Usimlee mtoto bila kumwambia: ukiitiwa mwizi, usikimbie. Simama, inua mikono, taja jina lako na la mzazi wako.

Usiokote jiwe.