Jagi la Kabla ya Habari

Siku zile nilikuwa nikiamka, kabla hata ya kunawa uso, nakwenda kupima chumvi. Nachukua kile kibomba cha kuchungulia, nadondoshea tone la maji ya tangi, naelekeza dirishani na kufumba jicho moja. Juzi thelathini na nane. Leo thelathini na tisa. Kawaida ni gramu thelathini na tano kwa lita, na samaki wa baharini hataki mzaha hapo. Nafuta kioo, napima tena, kana kwamba kipimo kitanionea huruma.

Kwenye pembe, nyuma ya mawe, Kuno alikuwa amelala upandeupande akihema mbiombio. Kuno ni samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, hajazi mkono, lakini ni mzee kuliko gari langu na ndoa yangu iliyovunjika ukivijumlisha. Alikuwa wa Baba. Baba alipofariki vuli iliyopita, Mama akaiuza nyumba yao ya mjini Herne, nami nikamwomba aje tukae wote kwangu Bochum, mji wa jirani. Alikubali kwa sharti moja tu.

"Kuno anakokwenda, nami ndiko ninakokwenda," alisema.

Kaka yangu Volker aliipenda sana kauli hiyo. Volker ana tangi kubwa kule Duisburg, linalofunika ukuta mzima, na hana chumba cha Mama. Ila ng'ambo ya barabara yake kuna nyumba ya wazee, na alikuwa ameshakwenda kuitazama, tena si mara moja. Kila alipopiga simu aliuliza kwanza hali ya chumvi, halafu hali ya Mama.

"Bado inapanda?"

"Nitaishusha."

"Elke, samaki anakufa hivi hivi ukimwangalia. Jumapili nakuja na ndoo. Mama naye ajiandae."

Tangi lilikuwa jipya kwa sababu la Baba lilipasuka siku ya kuhama. Mawe yalikuwa yale yale ya Baba, mchanga ule ule, pampu ile ile. Kilichobadilika ni kioo na mimi. Nilianza kushuku kila kitu. Nikashuku kipimo, nikakijaribu kwa maji yaliyochujwa, kikasoma sifuri kama inavyotakiwa. Nikashuku chumvi ya gunia, nikanunua nyingine ya bei mbaya. Nikatoa maji ndoo kwa ndoo na kurudishia yasiyokolea. Chumvi ikashuka, nikashangilia, kesho yake ikaanza kupanda upya. Kazini naendesha tramu, na wiki hizo nilikuwa zamu ya jioni. Kwenye kila taa nyekundu nilikuwa nikipiga hesabu za lita na gramu kwa vidole juu ya mpini wa breki, mpaka abiria mmoja akaniuliza kama nasali.

Ijumaa asubuhi nilimwita Bwana Pawlak, mwenyekiti wa chama chetu cha wafuga samaki. Ni daktari wa meno mstaafu, na tangi analikagua vile vile alivyokuwa akikagua vinywa vya watu: anainama, anaguna, hasemi neno mpaka uanze kutokwa jasho. Mama alikuwa amefungua madirisha yote, kama afanyavyo kila asubuhi na kila jioni hata barafu ikianguka, kwa hofu ya ukungu ukutani. Hita nazo zilikuwa zinawaka.

"Mama, tunaganda!" nilimwambia.

"Dakika tano tu. Nyumba isiyopumua inaoza," alijibu kutoka jikoni.

Bwana Pawlak akapandisha kola ya koti. "Maji yanapungua kiasi gani kwa siku?"

"Hayapungui," nilisema, tena kwa fahari. Nilikuwa nimebandika utepe kwenye kioo, usawa wa maji. "Ona mwenyewe. Wiki nzima yapo hapo hapo, sijaongeza hata tone."

Akanitazama kama alivyokuwa akimtazama mgonjwa anayeapa kwamba anapiga mswaki kila siku.

"Hayapungui? Hita zinawaka, madirisha yanafunguliwa, hewa kavu hii mpaka midomo inanipasuka, na wewe maji yako hayapungui? Elke, maji yanapaa. Chumvi haipai, inabaki. Kama maji yanapaa na utepe uko pale pale, basi kuna mtu anajaza. Na anajaza maji ya chumvi."

"Nani ajaze? Humu tuko mimi na Mama tu."

Nilipolisikia neno langu mwenyewe, nikageuka kutazama mlango wa jikoni. Bwana Pawlak naye akavaa kofia yake, akasema anawahi basi.

Sikumwuliza Mama. Sijui kwa nini, labda nilitumaini nimekosea. Nilibadilishana zamu na mwenzangu, na Jumamosi jioni nikajikalisha sebuleni na gazeti ambalo sikulisoma. Nilinyanyuka, nikakaa, nikanyanyuka tena kunyoosha zulia ambalo halikuwa limekunjamana.

"Una nini wewe? Umekalia pini?" Mama aliniuliza.

Muda mfupi kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili, aliweka kando kufuma kwake, akachukua jagi kabatini, akaenda bafuni nilikokuwa nikihifadhi madumu ya maji ya tangi. Akarudi na jagi limejaa. Akafunua kifuniko cha tangi na kuanza kumimina polepole, mkono mmoja umeshika kiuno, kama mtu anayemwagilia maua yake.

"Mama!"

Niliropoka kwa sauti hata akashtuka, maji yakamwagika zuliani.

"Unafanya nini?"

"Najaza."

"Nani kakwambia ujaze?"

"Baba yako," alisema, akinishangaa. "Jagi moja kutoka dumu la buluu, kabla ya habari. Yeye anavua viatu, mimi najaza. Miaka yote hiyo ulidhani nani alikuwa anajaza?"

Dumu la buluu lilikuwa la Baba. Kwake lilikuwa la maji matupu, yale ya kufidia yaliyopaa. Mimi katika haraka za kuhama nililifanya dumu la kukorogea chumvi, kwa sababu kifuniko chake kinabana vizuri, na sikumwambia mtu. Hayo yote niliyajua pale pale, lakini hasira zangu hutangulia akili.

"Hayo ni maji ya chumvi! Wiki zote hizi unamuua, Mama! Wewe ndiye unayemuua!"

Mama akaweka jagi mezani, taratibu. Akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Habari zikaanza na kwisha bila yeye, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu.

Nilibaki na ndoo na mpira wa maji, natoa maji makali, naongeza matupu kidogo kidogo, kwani ukimshushia samaki chumvi kwa ghafla unammaliza wewe mwenyewe. Jumapili asubuhi kipimo kilisoma thelathini na saba, na Kuno alikuwa amesimama wima, akinyemelea chakula. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilizunguka kati ya jikoni na sebule mpaka jirani wa chini akagonga dari yake. Volker angekuja kwa kahawa ya alasiri na angeuliza. Nikimwambia ukweli, atasema mama mzee anamwaga chumvi bila kujua, hawezi kuishi nyumba ya kawaida. Nikijibebesha kosa mimi, atasema sifai, atambeba samaki, na Mama atamfuata. Kila nilipogeuka, mwisho ulikuwa ile nyumba ng'ambo ya barabara.

Alikuja na ndoo yenye kifuniko na kipimo chake mwenyewe. Hata koti hakuvua.

"Thelathini na saba? Imeshukaje?"

"Nimegundua kosa."

"Kosa gani?"

Mama alikuwa akikata keki ya plamu. Kisu kikasimama. Nikaona anafungua mdomo.

"Mimi," niliwahi. "Nilichanganya madumu. Nilikuwa najaza maji ya chumvi mahali pa maji matupu."

Volker alicheka mpaka akakohoa. "Elke! Hata mtoto wa chekechea anajua! Na wewe unakabidhiwa tramu nzima na watu ndani yake, Mungu awanusuru. Baba angeona haya, angefufuka azibe uso." Aliendelea hivyo kwa muda wa vipande viwili vya keki. Siku nyingine kahawa yangu ingekuwa kwenye shati lake. Nilikoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari, masikio yakiniwaka moto, na Mama alinitazama muda wote bila kupepesa.

"Haya, tumalize," Volker alisema akijifuta mdomo. "Samaki naondoka naye leo. Mama, nimeshaongea na wale jirani zangu. Chumba kipo, kinatazama bustani. Unaweza kuja kesho."

"Mchukue," Mama alisema.

Nikasukuma kikombe kando.

"Samaki mchukue," Mama aliendelea. "Mimi siendi."

"Mama, si ulisema mwenyewe, anakokwenda—"

"Nilisema. Sasa nasema hivi. Kuno alikuwa wa baba yenu, kwako atapata tangi zuri. Mimi chumba changu kiko hapa. Maliza keki yako, barabara itajaa magari."

Volker aliteremka ngazi na ndoo yake, Kuno ndani, akinung'unika peke yake. Mama akakusanya makombo kwa kiganja.

"Sikumpenda hata siku moja yule samaki," alisema. "Miaka yote ananikodolea macho kama mkaguzi wa tiketi."

"Sasa ulisemaje anakokwenda nawe unakwenda?"

Akayamimina makombo kwenye sahani. "Nilitaka nije na kazi, Elke. Nisije nikakaa tu kwenye kiti chako kama mzigo. Jagi moja si kazi kubwa, lakini ni kazi."

Nikalia, sikujificha. Nikamwambia kwamba yale maneno ya jana natamani niyameze.

"Jana nilifunga sanduku," alisema. "Liko chini ya kitanda. Nilitaka Volker anikute tayari."

Nikaenda kulivuta. Nguo zake zote zilikuwa mle, hata picha ya Baba alikuwa ameiviringisha ndani ya gauni la kulalia. Nikaanza kuzirudisha kabatini moja moja, naye amesimama mlangoni, mikono mitupu.

"Blauzi hazikunjwi hivyo," alisema. "Sogea, nitafanya mwenyewe."

"Leo kaa tu, Mama."

Akakaa kitandani. Alikaa wima, pembeni kabisa ya godoro, kama mgeni. Kisha, nilipokuwa natundika gauni la mwisho, nikasikia anavua viatu.