Kulaza Pikipiki Joto Likija

...na lazima uanze na hasi, siku zote hasi, ukianza na chanya spana ikagusa chuma utaziona cheche, na cheche na tangi la petroli haviwekwi nyumba moja, hilo Thuwein alilijua kama anavyojua kutawadha, kachutama gerejini, spana mkono wa kushoto kwa sababu betri imekaa upande ambao wa kulia haufiki, kazi ndogo hii, mwaka wa ngapi anaifanya, wenzetu wa Ulaya wanalaza pikipiki baridi ikianza, sisi Dubai tunazilaza joto likianza, na anayeilaza ovyo asije kumlilia yeye mwezi wa kumi na moja ikigoma kuwaka, yake haijagoma hata siku moja, tangi kalijaza kaacha nafasi kidogo mafuta yapate pa kutanukia, oili mpya, magurudumu yote mawili yako juu ya stendi tairi zisibonyee, mdomo wa ekzosi kauziba kitambaa panya wasipate nyumba ya bure, imebaki betri tu, itolewe ikalale stoo kwenye kiyoyozi, pembeni ya gunia la mchele la Hilwa, khalas, nati moja hii... haya, geuka basi, bwana wee... "Baba, nikushikie?" Asila huyo, binti yake, kasimama mlangoni tangu lini sijui, "Sihitaji, mama, nimeshamaliza," na hajamaliza, vidole havikukaza, spana imeteleza imegonga sakafu, kaiokota upesi kama mtu aliyeiangusha kusudi... nati ina kutu, ndiyo, vumbi la huku na unyevu wa bahari, kutu tu, ingawa aliipaka grisi mwenyewe mwaka jana na grisi ile bado inang'aa, anaiona... "Hilwa weee! Usiingie na makaa humu!" maana harufu ya udi imeshafika, mkewe huyo anakuja na chetezo, kila mwaka lazima aifukize pikipiki isipatwe na jicho la watu, mwaka wa kwanza si aliingia na makaa mekundu tangi likiwa wazi, Thuwein aliruka mpaka barabarani msuli wa kiunoni kaushika mkononi, na Hilwa hata leo anasema kosa ni la aliyeacha tangi wazi, "Nalifukiza shuka huku nje, nani kaingia?" anajibu sasa, "we maliza kazi yako," na kweli shuka la pamba ndilo la kuifunika, nailoni inatoa jasho, mwezi wa kumi na moja ukilifunua pikipiki inanukia kama bibi harusi, Badar humcheka kwa hilo, Badar rafiki yake wa safari zote, ambaye siku ile kwenye taa za barabara ya Hatta alimuuliza, vipi, mbona imezima? na yeye akajibu, plagi... taa ilikuwa kijani, magari yanapiga honi nyuma, anaibana klachi na klachi haibaniki, mkono upo, anauona, haumsikii... plagi! Akaenda akanunua plagi mpya, nzima akaitupa, uongo mpaka kwa pikipiki, na daktari kamwambia kwa Kiarabu safi kwamba mshipa wa fahamu umebanwa shingoni na mkono hautarudi ulivyokuwa, yeye akaitika inshallah, kama kaambiwa utarudi... "Baba, mbona umeacha?" "Nasikiliza," anasikiliza nini, betri? Asila kapata leseni ya pikipiki mwezi wa kwanza, alikuja mbio kumwonyesha, naye akampa hongera kisha akautia ufunguo wa pikipiki mfukoni mwa kanzu na tangu siku hiyo hautoki, akamwambia Hilwa barabara za huku hazifai kwa mtoto wa kike, mtoto gani, msichana anaendesha gari mpaka Fujairah peke yake usingizi haujamtoka, baba mtu hakuogopa barabara hata kidogo, aliogopa siku ile atakaposimama getini yeye, Thuwein, anampungia mkono mtu mwingine akiondoka na pikipiki yake, hilo ndilo linalomuuma, lisemwe basi, linamuuma... haya, mara ya mwisho, kaza, kidole gumba hapa, na nati imekaa palepale, mwezi wa kumi na moja nati hii hii itatakiwa kufungwa, klachi hii hii ibanwe, na nani? kaijazia tangi, kaizibia panya, Hilwa anaichomea udi wa bei mbaya, unailaza vizuri hivi, mzee, ili nani aiamshe? ikiwa hakuna wa kuiamsha si kuilaza huko, ni kuizika, na Thuwein bin Nassir hajazika kitu kizima maishani mwake...

"Asila."

"Labeka, baba."

Nati haijageuka hata nusu. Nje Hilwa alikuwa akikung'uta shuka na kulalamika kwamba makaa yanapoa, na Thuwein, ambaye angeweza kuhamishia spana mkono wa kulia, hakuihamisha, akamnyooshea mwanawe kwa huohuo wa kushoto, akauacha utetemeke mbele ya macho yake.

"Njoo uchutame hapa," akasema. "Anza na hasi."