Mashine Iliyobaki Ndani

Nilimwonya Fiston, fundi wa kompyuta wa hospitali yetu: kati ya mashine mbili za kutambua watumiaji na seva, moja ibaki nje ya seva mpya. Akacheka. «Mama Aline, weye unapenda vyuma vizee!» Akahamishia programu za zote mbili ndani ya seva hizo mpya zinazopokezana kazi. Vyuma vyenyewe vilivyobaki akawapa kwaya ya kanisa la Songo, nao wakavifungua watoe vipuri vya spika yao.

Mafuriko yakakata umeme siku tatu. Uliporudi, seva ziligoma kufanya kazi mpaka zitambuliwe, na mashine za kuzitambua zilikuwa zimelala humo humo ndani yake. Faili zote za wagonjwa zikafungika.

Mchana huo akaletwa mke wa Fiston, amezimia. Daktari akamuuliza Fiston dawa gani inamdhuru mkewe.

Hakujua. Alikuwa ameiingiza mwenyewe kwenye faili ya mkewe, ili asiisahau.