Felti ya Bakuli la Sadaka

Nauza vitambaa vya pazia hapa Umoja, na kibanda changu kimepakana na cha Ndindi. Watu husema nina mdomo. Ni kweli, ninao, na leo nautumia kumsifu mtu, kwa hiyo mnivumilie.

Ndindi hutengeneza visanduku vya mbao na kuvibandika felti kwa ndani, kile kitambaa kizito ambacho hata ukikikata hakitoki nyuzi. Anayechonga ni baba mkwe wake, Mzee Kivuva, aliyejifunza kazi hiyo Ukambani tangu utotoni. Mzee hukaa nje chini ya turubai na tezo yake, Ndindi hukaa ndani na gundi yake, na maneno kati yao ni machache. Kwao mkamwana hamkosoi baba mkwe. Kwa muda wote niliokaa nao, sijamsikia akimwambia, hapa umekosea.

Kanisani kwetu mabakuli ya sadaka yalikuwa ya bati. Zamani hayakumsumbua mtu, kwa sababu wote tulitoa sarafu. Siku hizi wenye nazo hutuma kwa simu, kimya kabisa, na anayesikika ni maskini peke yake. Jumapili moja sarafu ya Shosho Wanza, bibi mjane anayeuza sukuma wiki karibu na steji ya matatu, iliangukia bati tupu, ngaa! Wanakwaya wakacheka. Shosho hakurudi tena. Nilikwenda kwake nikambembeleza, akanijibu, "Wacha niombee hapa kwa nyumba. Hapa hakuna mtu anaskia nimetoa nini."

Mimi niliwatukana wale wanakwaya. Ndindi hakumtukana mtu. Alimwomba mzee achonge bakuli la mti, yeye alibandike felti ndani, ili sarafu ikianguka isilie. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu amenizidi akili. Tukampelekea Shosho habari, naye akakubali kuja Jumapili moja tu ajaribu.

"Ikilia tena," akasema, "msinitafute."

Bakuli likachongwa kwa mjakaranda, pana, lenye tumbo zuri. Mzee akaling'arisha kwa polishi ya viatu, kama wachongaji wengi wa kwao wanavyofanya, nje na ndani, mpaka ukaweza kujiona meno. Ndindi akapaka gundi, akabandika felti nyekundu. Ijumaa asubuhi akaigusa ukingoni kwa ukucha, ikabanduka yote kama ganda la yai.

Alikuja kwangu amenyong'onyea. "Mama Muriuki, ni ile polishi. Gundi haishiki mahali kuna mafuta. Lazima itolewe yote."

"Si umwambie?"

"Nimwambie aje? Si huyo ni babake Kimeu?"

Kimeu ndiye mume wake. Basi nikajifunga leso, nikatoka na mdomo wangu.

"Mzee, mbona umepaka polishi mahali hata hapaonekani?"

Akaweka tezo chini. "Mti haiwezi toka kwa mkono yangu ikiwa uchi."

"Nani amesema itakuwa uchi? Itavaa felti! Ama unataka Shosho achekwe mara ya pili?"

Nikadhani nimeharibu. Kisha mzee akainuka, akaingia kibandani, akachukua bakuli na msasa, akaketi kwenye kiti cha mkamwana wake na kuanza kuiondoa polishi yake mwenyewe. Alisugua kama mtu anayemnyoa mwanawe nywele za msiba. Alipomaliza, bila kumtazama Ndindi, akauliza, "Hii imetosha?"

Ndindi akapitisha kiganja ndani ya bakuli, macho chini. "Bado kidogo, baba."

Mzee akasugua tena. Jamani, nilitaka kupiga vigelegele.

Sasa nimsifu Ndindi vizuri. Alipangusa mti kwa spiriti, akangoja ukauke. Gundi hakuipaka kwenye felti, maana ingelowa na kuacha madoa; aliipaka kwenye mti, nyembamba, akiitandaza kwa kadi kuukuu ya simu. Felti aliikata kubwa kuliko bakuli, akaiweka katikati kwanza, akaisukuma kwa vidole kuelekea ukingoni, polepole, hata kunyanzi moja isibaki. Juu yake akalaza mfuko wa maharagwe, kwa sababu maharagwe hufuata umbo la bakuli na kukandamiza kila mahali. Kesho yake ndipo akapunguza ukingo kwa wembe, mkono mmoja, mzunguko mmoja. Nimekata vitambaa maisha yangu yote, na siwezi kukata hivyo. Mzee alijaribu kuibandua kwa ukucha wake mgumu. Ikakataa. Kisha akamletea Ndindi chai, na hilo pia sikuwahi kuliona.

Jumapili mimi ndiye niliyepitisha bakuli. Shosho alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, tayari kukimbia. Nilipomfikia, bakuli lilikuwa na sarafu chache tu, zimetawanyika kwenye wekundu. Ndindi alikuwa benchi la mbele yake, ameinamisha kichwa. Shosho akafungua fundo la leso, akatoa sarafu yake. Nilidhani ataiweka chini taratibu kwa vidole, kama mtu anayeiba. La. Aliinua mkono juu, juu kabisa, akaiachilia.

Hakuna kilichosikika. Shosho akatega sikio. Akachungulia ndani ya bakuli, akaiona sarafu yake imelala pale, akaniangalia usoni.

Halafu akacheka. Alicheka kwa sauti, kifua kizima, mpaka mchungaji akanyamaza na kanisa zima likageuka kumtazama, naye hakujali hata kidogo.