Kamba ya Dirisha la Mama

Mume wangu ni fundi umeme, na ugonjwa wake ni kwamba hawezi kuona kitu kinafanywa kwa mkono akakiacha kilivyo. Taa zetu zinawaka ukipita. Redio inajiwasha yenyewe asubuhi. Mwezi uliopita akayavamia mapazia ya kuviringika, akatia mota kwenye kila dirisha, na jua lilipochomoza yote yakapanda kwa pamoja yakinguruma. Alisimama sebuleni mikono kiunoni, utadhani jua lenyewe kaliwasha yeye.

Watoto walipiga makofi. Mama yangu, anayeishi nasi tangu baba afariki, hakupiga. Mama hana dogo.

"Pazia langu nalifungua mwenyewe," alisema. "Sijavunjika mkono."

"Ndiyo raha yenyewe, mama," mume wangu akambembeleza. "Wewe lala tu, litakufungukia."

Kila dirisha lilibaki na kamba pembeni, ya kuvutia pazia kwa mkono umeme ukikatika. Mama akaing'ang'ania yake. Kila asubuhi mota ilipandisha pazia, naye akiamka alilishusha mpaka chini, kisha akalipandisha tena kwa kamba. Simu ya mume wangu, iliyounganishwa na mota, ikalia, mota ikachanganyikiwa, siku nyingine ikagoma kabisa. Ikawa vuta nikuvute. Mume wangu hathubutu kumwinulia mkwewe sauti, basi akawa ananilalamikia mimi jikoni.

"Mama yako hanipendi."

"Anakupenda. Hapendi mota."

"Si ni yale yale!"

Nilimuuliza mama waziwazi kwa nini anamtesa mtoto wa watu. Akanijibu eti dirisha lake linatazama barabara, na anayejua anajua. Nikaona ni ukaidi tu. Nikamwambia mume wangu aikate hiyo kamba, tupumue.

Jumamosi alikaa jikoni, plaizi ya kukatia kamba mezani, redio ikiimba kwa nguvu, akimsubiri mama aamke. Mapazia yalikuwa yameshapanda zamani. Mara mlango ukagongwa kama wa mdaiwa. Alikuwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mjane wa rika la mama, tepu ya kupimia shingoni na kiatu mguu mmoja.

"Shoga yangu yuko wapi?"

"Bado amelala, mama. Karibu," nikamjibu.

"Amelala vipi? Pazia halijashuka!"

"Mbona limeshapanda," mume wangu akasema kwa fahari.

"Hilo umelipandisha wewe na vyuma vyako! Mimi namsubiri alishushe, alipandishe. Hapo najua kaamka mzima. Naye anasubiri langu. Mimi naishi peke yangu, na ninyi mkiamka mnakimbilia makazini. Nani mwingine atatuangalia? Leo nimengoja mpaka chai imepoa."

Tulikimbilia chumbani kwa mama. Tuliingia bila kubisha hodi. Mama alikuwa sakafuni karibu na dirisha, mguu umenaswa kwenye shuka, kifundo kimevimba, uso wa mtu aliyeudhiwa kuliko aliyeumia.

"Nimewaita mpaka sauti imekauka," alisema. "Hiyo redio yenu haina adabu." Kisha akamtazama mwenzake. "Nilijua utakuja."

Mume wangu alimbeba mpaka kitandani kama yai. Mama akaona kilichokuwa kinachungulia mfukoni mwake.

"Na hiyo plaizi ya nini, mwanangu?"

Mume wangu aliinama pale miguuni pake, akaanza kulia kimyakimya, na mimi niliyemtuma nikalia zaidi yake.

Mguu ulikuwa umeteguka tu. Daktari aliufunga bandeji, na mume wangu akashinda juu ya ngazi mpaka jioni. Nilidhani anazing'oa mota zake.

Kesho yake jua lilitoka nje, ndani giza. Hakuna pazia lililopanda, hata redio kimya. Watoto walianza kulalamika, baba yao akaweka kidole mdomoni. Tukasikia kamba ikikwaruza chumbani kwa mama. Mume wangu alikuwa ameirefusha mpaka kitandani kwa mama, na mota zote akaziunganisha zifuate kamba hiyo. Pazia la mama likapanda kwa mkono wake, na nyuma yake, chumba baada ya chumba, yakafuata mengine yote.

Ng'ambo cherehani ikanyamaza.

"Shoga!" sauti ikavuka barabara. "Leo umeamsha nyumba nzima!"

"Si niliwaambia," mama akajibu, "sijavunjika mkono?"