Kiti cha Bukuru

Mama alipoanguka mara ya pili akivuka ukingo wa hodhi la kuogea, daktari aliniita pembeni akaniambia nyonga ile haitavumilia anguko jingine. Akianguka tena, atalala kitandani mpaka siku yake. Nikarudi nyumbani nimefura, maana mimi nikiogopa hukasirika, nikamkuta Mama ameketi barazani anachambua maharage kana kwamba aliyeanguka ni jirani.

"Kuanzia leo nitakuogesha," nikamwambia.

"Sabine, minye ndiye nilikuzaa. Haiko weye utaniona uchi."

Basi. Kubishana na mama yangu ni kumpigia mbuzi gitaa. Nikaamua kwamba hodhi ndilo litakaloondoka. Lilikuwa la chuma, zito, limeachwa na mfanyabiashara Mgiriki aliyejenga nyumba yetu ya Rugenge, na ukingo wake ulimfika Mama magotini. Mahali pake nilitaka bomba la mvua linaloteremsha maji kutoka kwenye pipa la juu ya paa, sakafu iliyo sawa na mlango ili aingie bila kuinua mguu, chuma cha kushikilia ukutani, na kiti cha saruji.

Lazima mjue pia kwamba Mama ni Butoyi, pacha wa pili. Bukuru, dada yake aliyemtangulia kutoka tumboni, alichukuliwa na ziwa kule Makobola walipokuwa wakioga pamoja, hata shule hawajaanza. Kwetu mapacha hawapunjwi: ukimpa huyu, umpe na yule, hata kama yule hayupo tena. Mama amezeeka akinunua vitenge viwili na kumimina chai vikombe viwili. Hata ndani ya hodhi alikaa upande mmoja, magoti ameyakunja, upande wa pili ukabaki mtupu. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba anamngoja gavana.

Fundi Gédéon alilivunja hodhi kwa nyundo, akatoa vipande nje. Chini yake tulikuta mchanga mbichi, laini, wenye vikonokono vya ziwani, ingawa ufuko uko mbali nasi. Gédéon aliutazama kitambo, halafu akaumwagia zege.

Mama alisimama mlangoni. "Kiti ni kimoja?"

"Kimoja," nikajibu. "Cha pili kitakuwa cha nani?"

Gédéon akaweka mwiko chini. "Dada, kuongeza ingine haiko kazi. Kwa mapasa, unajua..."

"Fundi, weye jenga tu," nikamkatiza.

Mwanzoni nilijipongeza. Mama aliingia peke yake, akafunga mlango, akaimba nyimbo zake za kanisani. Kisha asubuhi moja mlango haukufungika vizuri, nikamwona. Alikuwa amesimama chini ya maji, mkono mmoja kwenye chuma, miguu inatetemeka. Kiti kilikuwa kando yake. Juu ya kiti, hewani, mahali ambapo mtu aliyeketi angekuwa na mabega, povu la sabuni lilikuwa likiteremka polepole.

Nilijiambia macho yangu yana usingizi. "Mama, juu ya nini haukale?"

"Bukuru iko amekala," akasema bila kugeuka. "Mukubwa anatangulia."

Hapo nikaelewa nilichokifanya. Nilitaka kumwokoa asianguke, kumbe nimempa kiti ambacho adabu yake haimruhusu kukikalia. Kila siku alikuwa akisimama kwenye maji na sabuni, na nyonga yake ile, ili mtoto aliyekufa apate kuketi. Nikapaza sauti kwamba kiti ni kitupu, kwamba atakufa bure kwa ajili ya kiti kitupu. Alijifunga kitenge akanipita.

Hasira hasara. Mchana huohuo niliingia kuoga mimi, nikakikalia kiti kile kwa kishindo ili niyamalize maneno. Saruji ilikuwa na baridi kuliko maji. Nikajipaka sabuni, nikafumba macho. Mkono ukaanza kunisugua mgongo, taratibu, kwa kuzunguka, kama Mama alivyokuwa akinisugua nilipokuwa mdogo. Nikadhani amekuja tupatane.

"Acha, Mama," nikasema, na moyo ulikwishalainika.

"Unasema nini?" Mama akaitika kutoka barazani.

Mkono haukuacha. Ulikuwa mdogo. Nilitoka mle na povu machoni, na namna nilivyotoka sitaisimulia.

Kesho yake Gédéon alirudi. Hakuuliza sababu, nami nilimshukuru kimoyomoyo. Aliuliza tu kimo cha kiti cha pili. Nilinyoosha mkono kumwonyesha, nao ukashuka wenyewe mpaka chini, kimo cha mtoto ambaye hajaanza shule. Mama, aliyekuwa nyuma yetu, akasema, "Ni vile."

Tangu siku ile aliketi. Lakini mimi niliendelea kusimama nje ya mlango kila alipooga, kwa kuwa viti viwili haviondoi utelezi. Na siku ilifika. Nilisikia sabuni ikidondoka, unyayo ukiteleza kwenye vigae, na Mama akivuta pumzi. Nikangoja kishindo cha mfupa sakafuni. Hakikuja. Nikausukuma mlango.

Mama alikuwa amelala hewani, nusu ya njia ya kuanguka, miguu imeteleza mbele, mkono mmoja umenyooka nyuma kuelekea kile kiti kifupi. Hakuwa ameshika ukuta wala chuma. Alibaki hivyo, mtu mzima, kisha akavutwa polepole mpaka akaketi mahali pake. Juu ya kiwiko chake palikuwa na alama nyekundu za vidole, vifupi, vya mtoto.

Niliogopa mpaka meno yakagongana. Na papo hapo nilishukuru kuliko ninavyojua kusema. Mama alinitazama, uchi vile vile, wala hakutafuta kitenge.

"Sabine," akasema, "salimia."

Nikapiga goti kwenye maji. Nikatazama kiti kifupi, na juu yake maji ya bomba yalikuwa yakigonga kitu kabla ya kufika kwenye saruji.

"Asante, mama mukubwa," nikasema.

Kisha nikafunga mlango, nikawaacha waoge.