Begi la Kwenda Ziwani

Mpiga picha huyu hakuwa mtu wa milima hata kidogo. Dunia yake ilikuwa chumba chenye pazia la buluu, stuli na kioo cha kuchania nywele, na kutwa alikuwa akiwaambia watu wainue kidevu. Lakini dada yake mkubwa, aliyemlea tangu walipofiwa na mama, alikuwa na ombi moja.

"Mdogo wangu, macho haya yananiaga. Nataka nipate picha ya lile ziwa la juu."

Ziwa hilo alilifikia mara moja tu, akiwa msichana, amefuatana na baba yao. Ni mwendo wa siku mbili kwa miguu.

Mwaka uliopita mpiga picha alijaribu, akaishia njiani. Alibeba kamera mbili, lenzi nne na stendi ya chuma, na mgongo ukamgomea. Alirudi amejikunja, ungedhani anatafuta sindano iliyodondoka. Dada yake hakumuuliza kitu, na huko kutoulizwa ndiko kulikomuuma.

Mwaka huu akasema liwalo na liwe, begi litapungua. Mkewe, muuguzi wa kliniki ya watoto, akaazima mizani ya kuning'iniza, wakaifunga juu ya mlango. Begi likavishwa ile kaptula ya kupimia watoto, likawa linazunguka polepole kwenye mwanga wa dirisha. Kilo kumi na saba.

"Mtoto wa uzito huu anajua kuhesabu mpaka kumi," mkewe alisema. "Habebwi, anatembea mwenyewe."

Stendi ikatoka.

"Na kamera utaisimamisha wapi?"

"Juu ya jiwe, nitaikalisha kwenye soksi."

Zikatoka lenzi tatu, chaja, koti la pili. Mswaki akaukata mpini, mkewe akamtazama tu. Kilo kumi. Ikabaki kamera kubwa na lenzi yake, kilo tatu nzima. Ile ndogo ya mfukoni ilikuwepo, ila picha yake ukiikuza hadi ukubwa wa mlango inageuka ukungu mtupu, na picha ya ukubwa wa mlango ndiyo aliyoiota mwaka mzima. Akashindwa kuamua, akampigia dada yake simu.

"Dada, nikiacha kamera kubwa, picha itakuwa ndogo. Utaridhika?"

"Kubwa au ndogo, mimi siioni tena. Mwezi wa tatu huu hata vidole vyangu sivioni. Sikutaka kukuharakisha na mgongo wako huo."

"Si ulisema unataka picha?"

"Nilisema nipate picha. Uende, ulione, uje unieleze lilivyo. Wewe ukisikia picha tu, unakimbilia lenzi." Akacheka.

Yeye hakucheka. Alikaa sakafuni chini ya mizani akalia, na mkewe akamwacha alie.

Aliondoka na kilo saba, kamera zote ameziacha mezani. Siku ya kwanza mikono haikujua ikae wapi. Siku ya tatu, alfajiri, akatokea juu, na ziwa lilikuwa bado limelala. Ukungu ulikuwa ukitambaa juu ya maji bila haraka, ukifunua kipande, ukifunika kingine. Kwa mazoea akafumba jicho la kushoto. Ndipo alipotambua kwamba miaka ishirini alikuwa akiitazama dunia kwa jicho moja. Akalifumbua. Akakaa hapo mpaka jua likawa kali, akijisemea kwa sauti kila alichokiona, kama mtu anayeweweseka: maji meusi kando, kijani katikati, ndege mmoja mweupe, majani mafupi yenye umande.

Alimkuta dada yake barazani, kwenye kiti chake. Akamweleza taratibu, na pale alipokosa neno hakulazimisha. Dada alisikiliza uso ameuinua, midomo ikicheza kidogo.

"Nimepata," alisema mwishowe. "Na mimi umeniweka wapi?"

Watu wangapi mpiga picha amewakalisha kwenye stuli ile, na hili hakuliwaza.

"Uko ukingoni kabisa, dada. Umevua viatu. Miguu iko majini."

Dada akainyanyua miguu yake haraka, akaikunja juu ya kiti.

"Ya baridi," alisema.